Vidole vya ofisi moja ya ushirika Kibosho: uchambuzi wa kisa cha visomaji vya alama za vidole kwenye Linux

AMCOS moja (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ya upande wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, inaendesha ofisi yake kwa kompyuta mpakato nne zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Tatu ni ThinkPad T470, ya nne ni ya chapa nyingine. Zote zilikuwa na Windows 10. Microsoft iliposimamisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, T470 zilibaki njia panda, kwa sababu Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kichakataji cha kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha vichache vya kizazi cha saba, na T470 ni za kizazi cha sita na cha saba. Mashine zenyewe zilikuwa nzima: kibodi safi, betri mbili, kumbukumbu ya kutosha. Bodi ikakubali zihamishiwe Ubuntu, mfumo huria wa jamii ya Linux, na kazi nikapewa mimi.

Kuhamisha mafaili, printa na vitabu vya hesabu kulikwenda vizuri na hakuna la kusimulia. Kilichotaka akili ni ombi la katibu meneja: "Fundi, na ile ya kufungua kwa kidole tunaitaka. Kila mtu kwa kidole chake."

Ombi lilikuwa la haki. Msimu wa kahawa ukianza, karani wa mapokezi huandika kilo za mkulima, mara huitwa nje kuangalia gunia lenye shaka, na kiti chake hukaliwa na yeyote aliye karibu ili foleni ya mzani isisimame. Neno la siri lilikuwa moja, linajulikana na wote, limeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Siku ya kufunga hesabu linajitokeza ingizo ambalo kila mtu analikana. Hapo huwezi kumtetea asiye na kosa wala kumbana mwenye kosa, kwa kuwa kompyuta inamjua mtumiaji mmoja tu anayeitwa "ofisi". Mkulima anayelipwa kwa kilo zilizoandikwa pale ana haki ya kujua ziliandikwa na nani.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kisomaji chochote tulifungua akaunti tofauti kwa kila mfanyakazi, kila mmoja na neno lake la siri, na skrini ikawekwa ijifunge yenyewe ikikaa kidogo bila kuguswa. Nasisitiza hili kwa sababu ofisi nyingi huomba kidole zikidhani ndicho kitakacholeta uwajibikaji. Uwajibikaji unaletwa na akaunti. Kazi ya kidole ni kumwondolea karani uchovu wa kuandika neno la siri kila anapotoka na kurudi, uchovu ambao usipoondolewa ndani ya wiki atazima ule ufungaji wa skrini, na mtarudi mlikotoka.

Mwenyekiti, mzee aliyelima kahawa tangu ujana wake, aliuliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa hiki. Alishika simu yake akasema, "Hii simu nimeinunua kwa bei ndogo na inanijua kidole. Mashine kubwa hivi inashindwaje?"

Nilimjibu hivi: "Mzee, simu yako aliyeiunda alichagua kisomaji mwenyewe, akapewa programu yake na mwenye kisomaji, akaiweka ndani kabla simu haijafika dukani. Kwenye Windows ni hivyohivyo, kampuni ya kisomaji huandika draiva, ndiyo hiyo programu ya kukiendesha, na kuikabidhi. Kwenye Linux hizi kampuni kwa miaka mingi hazikuandika chochote, na hazikusema kisomaji chao kinaongeaje. Kwa hiyo mtu wa kujitolea inabidi akae asikilize mazungumzo kati ya kisomaji na Windows, ayachambue, kisha aandike draiva yake mwenyewe. Kama huyo mtu hajapatikana kwa kisomaji chako, kidole hakisomeki, hata fundi awe nani."

Kazi hiyo ya kujitolea ina historia. Mwaka 2007 Daniel Drake, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Manchester, alianzisha mradi wa fprint ili visomaji mbalimbali vipate maktaba moja ya pamoja. Maktaba hiyo, libfprint, ndiyo inayotumika mpaka leo, na hutunzwa chini ya freedesktop.org. Juu yake kuna fprintd, huduma inayokaa nyuma ikipokea maombi ya kusajili na kuhakiki vidole, na juu ya fprintd kuna moduli ya PAM (sehemu ya Linux inayoamua nani aruhusiwe kuingia) iitwayo pam_fprintd, inayokifanya kidole kikubalike pale ambapo mfumo ungedai neno la siri. Tabaka la kwanza likikosa draiva ya kisomaji chako, hayo mawili ya juu hayana cha kufanya. Utayasakinisha, yatakubali bila kulalamika, na ukifungua mipangilio ya mtumiaji ile sehemu ya kusajili kidole haitaonekana kabisa. Nimeona watu wakisakinisha mfumo mzima upya kwa sababu ya kutoonekana huko, bure.

Hatua ya kwanza basi ni amri moja fupi inayoorodhesha vifaa vya USB: lsusb. Visomaji vingi vya kompyuta mpakato vimeunganishwa kwa USB ndani kwa ndani, na kila kimoja kina namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha. Ya kushoto ni ya kampuni, ya kulia ni ya kifaa chenyewe. 06cb ni Synaptics, 138a ni Validity, ambayo baadaye ilimezwa na Synaptics, 27c6 ni Goodix, 04f3 ni Elan. Jina la kompyuta halitoshi. Kiwanda kinaweza kuuza modeli moja yenye visomaji viwili tofauti kutegemea mwaka au nchi, na anayekwambia "mashine kama yako kwangu inafanya kazi" anaweza kuwa anasema kweli na bado asikusaidie.

T470 zote tatu zilisoma 138a:0097. Mashine ya nne ilisoma namba ambayo haimo kwenye orodha ya vifaa vinavyoungwa mkono. Nitairudia baadaye.

138a:0097 nayo haimo kwenye libfprint rasmi, lakini ina bahati ya kupendwa. Kisomaji hiki, na ndugu zake 138a:0090 na 06cb:009a vilivyowekwa kwenye ThinkPad nyingi za miaka ile, vilichambuliwa na watu wa kujitolea mpaka ikapatikana draiva iitwayo python-validity, inayofanya kazi pamoja na open-fprintd, huduma inayochukua nafasi ya fprintd ya kawaida. Uchambuzi wake ulikuwa mgumu kwa sababu ya namna kisomaji chenyewe kilivyojengwa. Hakitumi picha ya kidole kwa kompyuta waziwazi. Mazungumzo yake yamefumbwa kwa TLS, itifaki ileile inayolinda tovuti za benki, na funguo za ufumbaji huo zimefungamanishwa na mashine: hutengenezwa kutokana na jina la modeli na namba ya serial iliyoandikwa kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Isitoshe, alama za vidole zinakaa ndani ya kisomaji, kwenye kumbukumbu yake chenyewe, na ulinganishaji unafanyika humohumo. Kompyuta inauliza "huyu ni nani?" na kisomaji kinajibu kwa jina au kwa kukataa.

Kuna jambo linafuata hapo ambalo wanunuzi wa mashine za mtumba wanapaswa kulijua. Ukifuta diski nzima na kusakinisha mfumo mpya, hujagusa kumbukumbu ya kisomaji. Vidole vya mwenye mashine wa zamani, aliyeitumia labda Ulaya au Marekani, vinaweza kuwa bado vimo. Haviwezi kufungua akaunti yako mpya, maana mfumo mpya hauvijui, lakini vinachukua nafasi na wakati mwingine vinazuia usajili mpya kwa ujumbe usioeleweka. Kwenye ThinkPad dawa yake iko ndani ya BIOS: unaingia sehemu ya Security, kisha Fingerprint, unachagua Reset Fingerprint Data. Ni heshima pia kwa huyo mtu usiyemjua. Fundi anayeuza kompyuta zilizotumika angefanya vizuri kuliweka hili kwenye utaratibu wake, sambamba na kufuta diski.

Mashine mbili zilikubali baada ya hapo. Tuliweka vifurushi vitatu vya programu, open-fprintd, fprintd-clients na python3-validity, na wakati wa kusakinisha programu ikapakua yenyewe programu dhibiti (firmware) ya kisomaji kutoka kwenye kifurushi cha draiva ya Windows cha mtengenezaji wa kompyuta, ikaifungua na kuipeleka ndani ya kisomaji. Ndiyo, hata hapa penye chanzo huria kuna kipande kilichofungwa, na anayetaka mfumo usio na kipande kama hicho hata kimoja hatakipata kwa kisomaji hiki. Mimi nilikikubali. Kipande hicho kinakaa ndani ya kisomaji na hakigusi mafaili ya ushirika.

Mashine ya tatu ilikataa kata kata. Huduma ya python3-validity ilianza, ikafa, ikaanza, ikafa, na kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba inashindwa kwenye kuanzisha mazungumzo yaliyofumbwa. BIOS ilikuwa imeshafutwa vidole. Nilipoigeuza mashine chini juu na kufungua skrubu, fremu ya juu yenye kibodi ilikuwa na stika ya sehemu ambayo haikulingana na ya chini. Mashine ilikuwa imeunganishwa kutoka kwa mbili: mazabodi (ubao mkuu) ya moja, fremu na kisomaji cha nyingine. Kisomaji kile kilikuwa bado kimefungamana na namba ya serial ya mashine yake ya zamani, na kwa mazabodi mpya kilikuwa kinaongea na mgeni. python-validity ina hati ndogo ya amri (script) kwa hali hii, factory-reset.py, inayokirudisha kisomaji kwenye hali ya kiwandani ili kifungamane upya. Unasimamisha huduma kwanza kwa systemctl stop python3-validity, unaendesha hati, unaanzisha huduma tena. Kikaamka.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu mashine nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya Arusha na Moshi zimepita mikononi mwa mafundi waliobadilisha sehemu, na si kosa lao, ndiyo namna kompyuta zinavyorefushiwa maisha huku kwetu. Ila kisomaji cha aina hii hakibadilishwi kama kibodi. Kina kumbukumbu ya kilikotoka.

Baada ya mashine, watu.

Katibu alisajili kidole cha shahada mara ya kwanza tu. Mhasibu vilevile. Karani wa mapokezi, mama wa makamo ambaye jioni akitoka ofisini anaingia shambani kwake, aligusa, akagusa, na kwenye dirisha la amri neno likawa lilelile: enroll-retry-scan. Alianza kuona aibu. "Fundi, mimi vidole vyangu vimekwisha," alisema, akanionyesha. Ncha ya kidole chake cha shahada cha kulia ilikuwa laini inang'aa, na mistari imekatwa na nyufa ndogo nyeusi za utomvu wa kahawa uliokauka.

Hili linawapata watu wengi wenye kazi za mikono, na Watanzania wengi waliliona kuanzia mwaka 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza na wazee wakawa wanarudishwa nyuma na mashine. Alama za vidole ni matuta na mabonde ya ngozi; udongo, maji, sabuni kali na msuguano hupunguza urefu wa matuta, na ngozi ikikauka sana haigusi uso wa kisomaji sawasawa. Kisomaji cha T470 ni kidogo mno, kinaona kipande tu cha ncha ya kidole, kwa hiyo kipande hicho kikiwa kimelika hakuna pa kujaziliza.

Mfumo unaweza kutambua zaidi ya kidole kimoja, na hapo ndipo penye msaada. Amri ya fprintd-enroll huanza na kidole cha shahada cha kulia usipoiambia vingine, na watu wengi hawajui kwamba inaweza kuambiwa. Tuliandika fprintd-enroll -f left-middle-finger, kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kisichochuma wala kushika jembe kwa nguvu. Nilimwomba anawe kwa maji ya kawaida, akaushe kwa kitambaa, apake mafuta kidogo sana na kuyafuta, kisha aweke kidole kikiwa kimelala kidogo badala ya kukisimamisha kwa ncha. Safari hii neno likabadilika, enroll-stage-passed, likarudi tena na tena mpaka enroll-completed. Tukamsajilia na kidole gumba cha kushoto kama akiba. Tulipojaribu fprintd-verify likatoka verify-match, akacheka kwa sauti ofisi nzima ikasikia.

Msimu ukipamba moto anaweza kukataliwa tena, na nilimwambia hivyo. Asione haya kuandika neno lake la siri siku hiyo. Mfumo ulivyopangwa unaruhusu.

Kuhusu huo mpangilio. Kwenye Ubuntu unaendesha pam-auth-update na kuweka alama kwenye uthibitishaji kwa alama za vidole; inaingiza mstari wa pam_fprintd.so kabla ya ule wa neno la siri. PAM husoma mistari kwa zamu, kwa hiyo ukiita sudo (amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi) kwenye dirisha la amri mfumo husubiri kidole kwanza, na neno la siri halikubaliwi mpaka muda wa kusubiri umalizike au kidole kikataliwe. Asiyejua hudhani mashine imeganda. Kwenye skrini ya kuingilia ya GNOME, mazingira ya madirisha ya Ubuntu, hali ni bora, kidole na neno la siri vinasubiriwa kwa pamoja na kinachotangulia ndicho kinachofungua.

Kuna mahali kidole hakifiki, na mteja aambiwe mapema kuliko kugundua mwenyewe. Diski za ofisi hii zimefumbwa, na ufunguo wa diski hupatikana kutokana na maneno ya siri yanayoandikwa mashine inapowaka. Kidole hakiwezi kuzalisha ufunguo. Jibu la kisomaji ni ndiyo au hapana, na "ndiyo" haiwezi kugeuzwa kuwa ufunguo wa kufumbulia diski. Kwa sababu hiyohiyo, ukiingia asubuhi kwa kidole, kihifadhi cha maneno ya siri cha GNOME kinabaki kimefungwa, na mara tu unapofungua kivinjari linachomoza dirisha linalodai neno la siri. Watu hulichukia hilo dirisha na wengine hulizima kwa kukiachia kihifadhi bila neno lolote, jambo ambalo siwezi kulipendekeza kwa ofisi inayoshika fedha za wakulima. Tulichokubaliana ni rahisi: asubuhi kila mtu anaingia kwa neno lake la siri, mara moja. Kuanzia hapo hadi jioni, kila akitoka na kurudi, kidole.

Tabu iliyobaki kwenye T470 ilikuwa ya usingizi. Karani hufunga kifuniko anapotoka kwenda mzanini, mashine inalala. Akikifungua, skrini inawaka lakini kisomaji kimebaki bubu. Draiva ya kujitolea haijui kila mara kukiamsha. Ukianzisha upya huduma ya python3-validity kinarudi, lakini huwezi kumwambia karani aandike amri mbele ya foleni. Niliandika kipande cha systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kinachoianzisha huduma hiyo kila mashine inapoamka. Vilevile nilivizuia vile vifurushi vitatu kwa apt-mark hold, ili sasisho kubwa lisije likarudisha fprintd ya kawaida na kuing'oa open-fprintd, nikaacha maelezo yake yamechapishwa kwenye faili la ofisi. Fundi atakayekuja baada yangu asikute fumbo.

Sasa ile mashine ya nne, anayotumia mtunza stoo.

Kampuni ya kisomaji chake haijatoa maelezo ya itifaki, na kwenye libfprint hakuna draiva. Kuna majaribio ya watu binafsi kwa visomaji vya jamii yake, lakini yako kwenye hatua ambayo mtu anayeyatumia anapaswa kuwa anapenda kurekebisha msimbo, na mtunza stoo anapenda kuhesabu magunia. Niliwaambia wazi kwamba kile kisomaji wakihesabu hakipo. Katibu akauliza kama tunaweza kununua cha nje.

Inawezekana. Kisomaji cha USB cha DigitalPersona U.are.U 4500, chapa ambayo siku hizi iko chini ya kampuni ya HID, kinaungwa mkono na libfprint kwa draiva yake ya uru4000, bila programu ya ziada. Ni cha mwanga, kioo chake ni kipana kuliko vile vya kompyuta mpakato, kwa hiyo hata kidole kilicholika kina nafasi nzuri zaidi. Lakini kinafanya kazi kinyume cha kile cha T470. Hiki kinatuma picha ya kidole kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayolinganisha, kwa programu zilizotoka taasisi ya viwango ya Marekani, NIST: moja inatafuta mahali ambapo mistari ya kidole inaishia au kugawanyika, nyingine inalinganisha mpangilio wa mahali hapo na ule uliosajiliwa. (Ndiyo sababu pia baadhi ya visomaji vidogo vya kompyuta vikipewa draiva ya namna hii havifanyi vizuri, kipande cha ngozi ni kidogo, mahali pa kulinganisha hapatoshi.) Kinachohifadhiwa si picha bali ramani ya sehemu hizo, na inakaa kwenye folda ya /var/lib/fprint, ambayo ni msimamizi wa mfumo tu anayeweza kuisoma. Haijafumbwa. Mtu akichomoa diski isiyofumbwa, ameondoka na ramani za vidole.

Hapa nilitaka bodi iamue yenyewe, kwa maana neno la siri likivuja unalibadilisha, kidole hubadilishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za kibayometria kuwa nyeti, na nyeti zinataka ridhaa ya mhusika kwa maandishi. Ofisi ya watu wachache kijijini haijisikii kuwa ni "mkusanyaji wa taarifa", lakini ikishaweka ramani za vidole vya wafanyakazi kwenye diski yake, ni mkusanyaji. Tuliandika karatasi fupi ya ridhaa kwa Kiswahili cha kawaida, inayosema kidole kinahifadhiwa wapi, nani anaweza kukifuta, na kwamba asiyetaka ataendelea na neno la siri bila kuulizwa sababu. Karatasi hiyo ilisainiwa na watumiaji wa T470 pia, ingawa kwao vidole vinakaa ndani ya kisomaji. Mfanyakazi akiondoka, fprintd-delete na jina lake la mtumiaji, siku hiyohiyo.

Mtunza stoo alisoma karatasi yote, akairudisha bila kusaini. Alisema stoo yake haina foleni na neno la siri halimchoshi. Kisomaji cha nje hakikununuliwa. Niliona uamuzi wake ni wa busara, na nilifurahi kwamba hakuna aliyemshinikiza.

Mhasibu alikuwa na swali la mwisho, na lilikuwa zuri: je, kidole ni salama kuliko neno la siri? Kwa ofisi hii nilijibu kwamba ni salama kuliko neno la siri lililobandikwa chini ya kibodi, na si zaidi ya hapo. Novemba 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence, waliopewa kazi na Microsoft yenyewe, walichapisha namna ya kuvipita visomaji kwenye kompyuta tatu zilizokuwa zikitumia Windows Hello, njia ya Windows ya kuingia kwa kidole au uso. Mojawapo ilikuwa ThinkPad ya jamii ya T14, na udhaifu walioutumia ni ule ule niliousimulia kwenye mashine yetu ya tatu: ufunguo wa mazungumzo uliotokana na jina la modeli na namba ya serial, vitu ambavyo anayeishika mashine anaweza kuvisoma. Shambulio la namna hiyo linataka mtu mwenye ujuzi, muda, na mashine mkononi. Kwa mpita njia anayetaka kubadilisha kilo za mkulima wakati karani yuko mzanini, kidole kinatosha. Kwa mwizi anayebeba kompyuta nzima usiku, kinga ni diski iliyofumbwa na mashine iliyozimwa, si iliyolazwa. Tukaongeza kwenye utaratibu wa kufunga ofisi: jioni mashine zinazimwa kabisa.

Miezi michache baadaye ushirika ulipata fedha za kuongeza mashine mbili. Safari hii katibu hakuniita baada ya kununua. Alimpigia muuzaji wa Arusha, akamwomba awashe kila mashine kwa flashi yenye Ubuntu, aandike lsusb, apige picha ya skrini na kuituma kwa WhatsApp. Muuzaji alishangaa kidogo lakini alifanya. Picha za kwanza zilionyesha visomaji ambavyo havimo kwenye orodha, wakaziacha. Zilizofuata, ThinkPad T490 mbili, zilisoma 06cb:00bd. Hicho ni cha Synaptics pia, kinalinganisha ndani ya chipu, lakini ni cha kizazi ambacho kampuni yenyewe iliandika draiva na kuikabidhi kwa libfprint. Wakati huohuo libfprint ilikuwa inafanyiwa matengenezo makubwa, karibu na mwaka 2020, ili iweze kuhudumia visomaji vinavyojilinganishia wenyewe. Goodix nayo ilitoa draiva ya baadhi ya visomaji vyake vya aina hiyo, na programu dhibiti za visomaji kama hivi hupatikana kupitia LVFS, huduma iliyoanzishwa na Richard Hughes wa Red Hat, kwa amri ya fwupdmgr update.

T490 zilipofika Kibosho nilifuta vidole vya zamani kwenye BIOS, nikasakinisha Ubuntu, nikafungua mipangilio ya mtumiaji. Sehemu ya kusajili kidole ilikuwepo tayari. Hapakuhitajika hazina ya nje ya vifurushi, wala hati ya kurudisha kiwandani, wala kipande cha systemd. Moja imekwenda kwa karani wa mapokezi, na T470 yake amepewa msaidizi wake wa msimu, ambaye karatasi yake ya ridhaa iko kwa katibu ikisubiri saini.